Barua Iliyotoka Bila Kutumwa

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupiga chapa maneno ya watu wengine. Nilikuwa na chumba kimoja cha chini mtaa wa Mkunazini, kompyuta moja, printa na mashine ya fotokopi, na watu waliniletea kila aina ya maandishi: maombi ya kazi, mashauri ya ndoa ya kupeleka kwa kadhi, wasia, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Wengine hawakujua kuandika vizuri. Wengine walijua, lakini waliona karatasi iliyopigwa chapa ina heshima zaidi. Nikikutana nao sokoni Darajani niliwasalimia kama mtu asiyejua lolote lao. Hata mume wangu hakuwahi kusikia kwangu neno lililosemwa katika chumba kile, na hilo ndilo nililojivunia kuliko kasi ya vidole vyangu.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwa bibi mmoja wa Bwejuu, mjane, aliyelima mwani mpaka magoti yakamkatalia. Alitaka niandike barua kwa binti yake aliyeolewa Maskati, barua ya kusomwa siku atakayokufa yeye. Alizungumza pole pole huku akitazama ukuta, nami nikapiga chapa. Barua ilisema kwamba hakumzaa yule binti. Aliyemzaa ni mdogo wake yule bibi, aliyepelekwa Kizimkazi kwa jamaa kujifungua kwa siri, akafariki siku ya tatu. Yeye alimchukua mtoto, akakaa naye huko huko mwaka mzima, kisha akarudi kwao akisema amemzaa yeye.

Hakuichapisha siku ile. Alisema bado haijakaa sawa, niihifadhi. Akawa anakuja kila baada ya miezi miwili mitatu kubadilisha neno moja au mawili. Mwishoni mwa barua niliweka nambari yake ya simu na ya binti yake, ili atakayeikuta ajue pa kuipeleka. Wazo hilo lilikuwa langu. Niliona ni uangalifu.

Asubuhi moja alikuja bila kubisha hodi. Nilisimama nikasema, "Shikamoo, bi mkubwa," naye hakuitikia. Alisimama mlangoni, kanga imemteleza begani, akaninyooshea simu yake.

"Hiki nini?"

Ilikuwa picha ya ukurasa wa kwanza wa barua yake. Niliyatambua maandishi yangu kabla ya kusoma neno lolote: nafasi ninazoacha pembeni, mstari ninaopiga chini ya kichwa. Chini ya picha palikuwa na ujumbe kutoka nambari ya nchi nisiyoijua. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, maneno yamepangwa kama yalivyotoka kwenye mashine ya kutafsiri, lakini maana ilikuwa wazi. Alipe, ama barua ifike Maskati. Walimpa siku moja.

Nilikaa. Nilisoma tena, nikarudia mara ya tatu, kama kwamba nikisoma vizuri zaidi picha ingegeuka kuwa kitu kingine.

"Nani mwengine alosoma barua hii?" aliuliza.

"Hakuna, bi mkubwa. Mimi na wewe."

"Basi ni wewe."

Hakupandisha sauti. Nilianza kuapa, akaniinulia mkono. "Usiape. Mie si hakimu. Nnataka kujua tu nilikukosea nini."

Sijawahi kupigwa usoni maishani mwangu, lakini nadhani hivyo ndivyo inavyokuwa. Nilimwomba akae, nikampa maji ambayo hakuyanywa, nikampigia simu mtoto wa kaka yangu. Ni mwanamke wa makamo, anafundisha kompyuta chuoni. Nilimwambia neno moja tu, aje, na nadhani aliisikia sauti yangu, maana aliacha darasa akaja.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akaanza kuuliza huku macho yake yako kwenye skrini.

"Shangazi, programu hii ya kuandikia umeipata wapi?"

"Fundi alinitilia kwa flashi. Alipoitengeneza kompyuta."

"Leseni ulinunua?"

"Nani ananunua? Mji mzima unatumia hivi hivi."

"Na kinga ya virusi mbona imezimwa?"

Nilikumbuka vizuri. Fundi aliniambia kwamba programu ile imevunjwa kufuli ya leseni, kwa hivyo kinga itapiga kelele, nisiijali, ni ugomvi wa makampuni tu. Na kweli kinga ilipiga kelele. Ilileta dirisha jekundu mara tatu, na mara zote tatu nililifunga. Mara ya nne niliizima kabisa, kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu ilinichelewesha na wateja wananingoja.

Nilimwambia yote hayo. Hakunigombeza. Aliendelea kupekua kwa muda mrefu, kisha akaigeuza skrini nione. Palikuwa na orodha ya mafaili, na mbele ya kila faili siku na saa lilipochukuliwa. Orodha iliteremka chini, ikateremka tena. Kulikuwa na wasia wa mzee mmoja wa mtaa wa Malindi ambao watoto wake walikuwa bado hawaujui, na shauri la mwanamke aliyeandika mbele yangu mambo anayofanyiwa na mumewe, akaniomba nisimtazame wakati anasema. Barua ya mume wangu ya kuomba matibabu nayo ilikuwemo. Nilijua kila jina na kila uso. Walikuwa wakichukuliwa mmoja mmoja, nami nimekaa kiti kile kile, nakunywa chai, natoa fotokopi.

"Fundi ndiye aliyeniibia?" niliuliza.

"Huenda hata yeye hajui. Anaipata bure mtandaoni, anawagawia watu. Aliyeivunja kufuli ndiye alotia mlango wake ndani. Programu ina kazi yake unayoiona, na ina nyengine usiyoiona."

Bibi wa Bwejuu alikuwa amekaa pembeni, tukadhani hafuati. Akauliza, "Kwa hivyo si yeye aloitoa barua?"

"Si yeye, bi mkubwa," alisema mtoto wa kaka yangu. "Lakini mlango ulifunguliwa hapa."

Yule bibi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Sikuona hasira, na afadhali ningeiona. Nilisema, "Niwie radhi," na maneno yalitoka madogo mno.

Tulikwenda naye polisi, wakaandika maelezo, wakatuonya asilipe kitu, maana mwenye kulipa mara moja huombwa tena. Tuliporudi alikaa kiti kile kile akaniuliza kama ninaweza kumfungia mlango. Nikafunga.

"Nimeandika barua hii ili nisiwepo itakaposomwa," alisema. "Sasa wao wananitaka niwepo. Basi ntakuwepo."

Akampigia binti yake. Alikataa nitoke, alisema nishaijua, kutoka hakuna maana. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya furaha. "Naam, mama." Bibi alianza kuuliza habari za wajukuu, za joto la Maskati, za mguu wa mkwe. Nikadhani hatoweza. Kisha katikati ya habari za mguu akasema, "Mwanangu, mie sikukuzaa," na baada ya hapo hakusita tena. Alisema yote kama yalivyo kwenye barua, na mengine ambayo hakuwahi kuyatia: jinsi mdogo wake alivyomshika mkono, jina alilotaka mtoto apewe na ambalo hakupewa.

Halafu simu ikakatika. Bibi aliiangalia, akaiweka mapajani, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Siku ya pili wale watu walimtumia binti barua nzima, kurasa zote nne. Walichelewa siku moja.

Wiki ile nilifunga kiduka. Nilichukua ile orodha nikaanza kwenda majumbani. Mtoto wa kaka yangu alinishauri nipige simu, ni rahisi zaidi, lakini niliona watu hawa walikuja kwangu kwa miguu yao. Nilibisha hodi, nikaingia, nikasema: kompyuta yangu iliingiliwa na wezi, maandishi yako yamo mikononi mwa watu nisiowajua, kosa ni langu. Mfanyabiashara mmoja wa Tumbatu alicheka. "Ile barua yangu ya leseni ya kuuza madagaa? Waache waisome, pengine watanijibu wao kabla ya serikali." Mzee wa Malindi aliniomba nirudie mara mbili, kisha akawaita watoto wake siku ile ile akawasomea wasia mwenyewe. Yule mwanamke wa shauri la ndoa alinisikiliza akiwa nusu ndani nusu nje. Aliniuliza kama mumewe anaweza kuliona. Nikasema sijui. Akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na hajarudi kwangu mpaka leo.

Kabla ya kufungua tena, mtoto wa kaka yangu aliifuta kompyuta yote akatia mfumo mwengine na programu nyengine ya kuandikia. Akaniambia hizi ni programu huria, hazina bei, na zimeandikwa na watu wa nchi nyingi.

Nilikataa. "Kitu cha bure ndicho kilichonifikisha hapa."

"Ile haikuwa ya bure, shangazi. Iliibwa, na aliyeiiba alikuwa na yake. Hizi wenyewe wametoa. Na walivyoziandika ndani, kila mstari, wameuacha wazi. Mtu akitia mlango wa siri, kuna wenzake watauona."

"Mimi ntauona?"

"Hutauona. Mie pia pengine sitauona. Lakini wapo wanaoangalia, na wakiona wanasema."

"Kwa hivyo naamini watu nisiowajua."

"Unaamini watu wanaokubali kukaguliwa. Yule wa kwanza ulimwamini bila hata kumuuliza." Kisha akaongeza, "Na hii nayo ukiichukua popote popote, au ukikataa kuisasisha, utarudi pale pale."

Nilijifunza upya mahali pa kila kitufe. Mwanzo nilitukana kimoyomoyo. Mistari ilinihama, na majedwali ya watu wa maofisi yalivunjika. Mwezi haukupita nikazoea. Maandishi ya siri siku hizi nayapiga kwenye kompyuta ya pili, kuukuu, isiyoguswa na intaneti, na mteja akishachukua karatasi yake nalifuta faili huku anatazama. Baadhi yao wananiona nimepata wasiwasi wa uzeeni.

Miezi miwili baada ya ile simu, mwanamke mrefu aliyevaa baibui alisimama mlangoni kwangu. "Shikamoo," alisema, nikaitikia marahaba, na nikamjua kabla hajajitaja. Alikuwa na paji la uso la bibi wa Bwejuu na watu wa kwao.

"Wewe ndiye uloiandika."

"Ni mimi."

Alikaa. Alitazama kompyuta, printa, ukuta ule mama yake aliokuwa akiutazama. "Ulijua miaka miwili kabla yangu," alisema. "Wezi pia walijua kabla yangu. Hilo ndilo lisonitoka. Nnajaribu kumkasirikia mama, nakuta nnawakasirikia nyinyi."

Sikujitetea. Nilimwambia ana haki.

"Alikuwa akilia alipokuwa anakwambia?"

"Hakulia. Alikuwa akisita kila anapofika kwenye jina lako. Nilikuwa nangoja, kisha anaendelea."

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama barua bado imo. Nikamwambia kwangu imefutwa, na huko ilikokwenda sina uwezo wa kuifuta, wala mtoto wa kaka yangu hana, wala polisi. Nilitaka ajue ukweli huo kutoka kwangu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa ambao alishaukisia.

Alikaa Bwejuu wiki tatu. Nilisikia kwa bibi mwenyewe kwamba walikwenda pamoja Kizimkazi kutafuta kaburi, na kwamba njia nzima hawakusemezana, na kwamba walipofika binti ndiye aliyeng'oa majani. Aliporudi Maskati alianza kupiga simu tena, si kila siku kama zamani, ila anapiga. Anamwita bado mama. Bibi aliniambia hilo huku akijisawazisha kanga, kisha akanipa karatasi ya kodi ya ardhi nimtolee fotokopi.

Hakuna aliyekamatwa. Yule fundi nilimfuata nikamweleza, akaketi barazani akaanza kuhesabu kwa vidole kompyuta alizozitia flashi ile ile: maduka, nyumba, skuli moja. Alipofika kidole cha mwisho alianza tena mkono wa kwanza. Nilisimama pale namtazama midomo yake inavyotaja mitaa, Kikwajuni, Shangani, Mwembetanga, na nikatambua kwamba katika baadhi ya nyumba zile, saa ile ile, kuna mtu anaandika kitu asichotaka kionekane, na dirisha jekundu limemtokea, naye analifunga.

"Tuanzie wapi?" fundi aliniuliza.

Nilimwambia tuanze na skuli. Tukaondoka.