Kitabu Tulichoshona kwa Uzi wa Gunia

Enzi zetu kule Nyansurura, mtoto alimwona ng'ombe kwanza, picha ya ng'ombe baadaye sana. Kitabu kilikuwa mali ya shule, kimefunikwa gazeti, na mdogo akikigusa alichapwa vidole.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule nikashika fimbo ya kuchungia, huku mdogo wangu Bhoke, ambaye hakuwa na miaka mitatu, nimembeba mgongoni. Wenzangu malishoni walinicheka sana. "We mwanamume, unanyonyesha saa ngapi?" Nami nawajibu, "Nianze na nani, yeye au wewe?"

Siku moja nilimkuta Bhoke anaongea na pakiti tupu ya chumvi ya mifugo. Ilichorwa ng'ombe. Aliigeuza nyuma, akaigeuza tena, akauliza, "Kaka, jicho lingine liko wapi?" Tangu hapo nikaanza kuokota pakiti za mbegu, za biskuti, karatasi za sabuni zenye mama anayecheka. Tukazishona kwa uzi wa gunia. Ukurasa wa biskuti aliusoma kwa pua.

Alipokaribia miaka mitano nilimpeleka chekechea ya kanisani. Nafasi zilikuwa chache, na mtoto aliyeshindwa kujibu alirudishwa mpaka mwaka unaofuata. Nilikuwa nimeapa kwamba kuacha shule kutaishia kwangu. Mwalimu, mama mmoja mgeni wa huku, akafungua kitabu chenye picha za rangi.

"Bhoke, hii ni nini?"

"Ya shangazi Ghati."

"Sikuuliza ya nani. Ni nini?"

"Ya shangazi. Ile ya dada Robi ina pembe moja."

Mwalimu akafunga kitabu. "Kaka mtu, mrudishe. Bado huyu."

Mbele ya walimu huwa sina mdomo, ila siku hiyo miguu ilikataa kuondoka. "Samahani, mwalimu. Nyumbani kwetu kila ng'ombe anaitwa kwa jina la binti aliyemleta kwa mahari yake. Hajawahi kusikia mtu akisema ng'ombe tu. Muulize huyo wa pichani anafanya nini."

Akamuuliza. Bhoke akaweka kidole juu ya picha. "Inakunywa. Maji yamepungua, ndiyo maana imeinama hivi. Na nyuma kuna ndama, tunaona mkia tu."

Mwalimu alivuta kitabu karibu na macho, akautafuta mkia, akauona. Kisha akachukua kalamu akaandika jina la Bhoke.

Leo Bhoke ni mama. Mwanawe ana vitabu vya makaratasi magumu, na akifika kwa twiga anamvuta kwa vidole viwili ili akue, kama kwenye simu. Twiga akikataa, analia kwamba kitabu kimeharibika! Tunacheka mpaka machozi.

Lakini kuna jambo ninalojiuliza mpaka sasa. Ni siku gani hasa jicho la mtoto huiacha picha na kushika herufi? Huyu wa leo siku yake ikifika, atarekodiwa na ukoo mzima utatumiwa video. Ya Bhoke ilifika akiwa darasani. Jioni alinisomea gunia zima la mbolea, neno kwa neno, bila picha hata moja. Mimi mchana ule nilikuwa malishoni.