Kompyuta ya Tonton na Umeme wa Tshopo

Harufu ya vumbi likiungua polepole bado inanisimamisha nywele za shingoni. Ndiyo iliyokuwa harufu ya sebule ya Tonton Faustin, mdogo wa mama yangu, hapa mtaani Tshopo, likizo ile nilipokuwa na miaka tisa. Alikuwa na kompyuta ya zamani, yote imo ndani ya kibodi nene. Unaiunga na televisheni, unaweka kaseti, kaseti inapiga mayowe kama nguruwe aliyeona kisu, na baada ya mayowe marefu, ukiwa na bahati, mchezo unatokea. Binti yake, dada Dorcas, alikuwa na mchezo uleule kwenye simu, ndani ya programu inayoigiza mashine hiyo. “Papa, ya kwangu iko nafunguka mbio, hata hailie,” alimchokoza. “Hiyo iko picha ya nyama, mutoto,” Tonton alijibu. “Mimi niko nakula nyama yenyewe.”

Sasa, nyama yenyewe ilihitaji umeme, na umeme wa bwawa letu la Tshopo una tabia zake. Ukififia, mtaa mzima huchomoa kila kitu na kuacha balbu moja tu iuonje kwa niaba ya wengine, kwa sababu ukirudi hurudi na hasira. Friji na redio husubiri mpaka balbu itulie. Tonton mwenyewe ndiye aliyenifundisha sheria hiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyejisikia mwenyewe, walinyamaza.

Jumamosi moja mchana kaseti ilikaribia mwisho, balbu ikageuka nyekundu. “Muchomoe! Muchomoe!” majirani wakapaza sauti. Tonton hakuchomoa. Kisanduku cha kupunguza umeme wa kompyuta, alichokifunga kwa utepe, kilikuwa kimelegea nyaya, akakibana kwa kiganja. “Bon, bado kidogo! Iko naingia!” Mimi hucheka hata msibani, lakini siku hiyo sikucheka. Nilitazama balbu, nikatazama mkono wake. Balbu ikawa nyeupe, ikaanza kuvuma. Ukatoka mlipuko, moshi, na meno ya Tonton yakaumana. Mkono wake uling'ang'ania kisanduku, mwili ukitetemeka, macho yakinitazama bila kuniona. Nilijua anakufa, nami nikabaki nimesimama palepale. Dorcas aliingia mbio na mchi mkavu wa kutwangia pondu, majani ya muhogo, akaupiga waya mpaka ukachomoka ukutani. Tonton akaanguka. Kifua hakikupanda. Kisha akakohoa, akafungua jicho moja: “Imeingia?” Dorcas akamtukana baba yake huku akilia, na hakuna aliyemkemea.

Leo nina miaka kumi na sita, na programu ile iko kwenye simu yangu. Sitadanganya, inachosha kidogo: haina joto, haimtishi mtu, na nikifa mchezoni narudi hata mara ishirini kabla ya chakula. Vidole viwili vya Tonton havikunjiki tena, ila ameshaagiza kisanduku kingine kutoka Ubundu. “Ya kweli iko ya kweli,” anasema, na labda hakosei. Lakini kila akikitaja, mimi namkabidhi simu, namwambia kwamba hawezi kunishinda. Ananishinda kwa mkono wa kushoto, ananicheka, nami nakaa karibu naye, nikisikiliza anavyopumua.