Jeneza langu limekataliwa Homa Bay

Leo nimezuiwa kuingia maonyesho ya mbao kwa sababu ya jeneza.

Mnanijua, kazi yangu hapa Migori ni majeneza. Nilibeba moja la mvule, halina msumari hata mmoja. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo.

Msimamizi akaniwahi mlangoni. "Mzee, rudisha hiyo kitu. Jeneza tupu linaita mtu."

"Anayeita watu ni Mungu, ndugu yangu. Mimi napiga randa tu."

Akakataa kabisa. Basi nikaliweka nje kando ya lango, nikaketi hapo. Nyumbani sikurudi.

Sasa sikieni. Mafundi wakaanza kutoka ndani mmoja mmoja. Wakapiga magoti kwenye vumbi kuangalia mbao zilivyoungana. Ndani yakabaki makabati na msimamizi.

Mwishowe naye akatoka, akapapasa kifuniko kwa kidole kimoja.

"Mwaka ujao leta kitanda, baba. Nitakupa nafasi ya mbele."

Nikamwambia nitaleta hili hili.

Kwa hivyo marafiki, mnaojua maonyesho mengine ya mbao huku kwetu, nitajieni. Niulizieni pia kama jeneza linaingia.

Lisipoingia nitakuja tu. Lango ninalijua, na Mungu yuko hata huko nje.