Sura Niliyoiacha Tura

Wiki ile ya tathmini nilikuwa nyumbani kwa mama, Itetemia. Nilikuwa nikisoma shahada ya uzamivu ya historia, na jopo la walimu lilitakiwa kuamua kama niendelee na mwaka wa tatu au la. Nilikuja kwa mama nikidhani nitapata utulivu. Badala yake chakula kilinishinda. Mama alinipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, nikawa naigeuzageuza tu kwenye bakuli.

"Hao walimu wako wanapiga?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Wanauliza maswali."

"Sasa maswali ndiyo yanakunyima kula?"

Nilikuwa nikiandika juu ya wanawake walioachwa katika vituo vya njia ya zamani ya misafara, wakazaa na kuzikwa hapo. Sura ya tatu, ambayo msimamizi wangu aliisifu kuliko zote, ilisimama juu ya bibi mmoja wa Tura. Bibi yake mzaa mama aliletwa na msafara akiwa binti mdogo, akauzwa. Bibi huyo wa Tura alinisimulia kwa hiari yake, nikamrekodi.

Nikiwa napanga slaidi zangu, simu ikaita. Alikuwa mke wa mwanawe yule bibi.

"Dada, yale maneno ya mama usiyaandike."

"Kuna nini tena?"

"Mwanangu ameposa. Wakwe wameanza kuulizia asili yetu. Wakisikia tumetokana na mtu aliyeuzwa, posa itarudishwa."

"Lakini jina lake sikuliandika popote."

"Tura ni padogo, dada. Nani hatamjua?"

Nikampigia msimamizi wangu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Nilitumaini angesema ridhaa ilishatolewa, basi yamekwisha.

"Aliyekubali ana haki ya kukataa," alisema. "Nenda ukamsikie mwenyewe. Ila usiende kumbembeleza."

Njia nzima ya kwenda Tura nilikuwa nikitunga namna ya kumbembeleza.

Nilimkuta uani akibangua karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa lile jambo."

Nikaketi kwenye mkeka nikashika karanga na mimi. Nilimuuliza kama ni yeye aliyetaka niyaondoe maneno yake, au ni watoto wake.

"Mimi nilipenda kukusimulia," alisema. "Nimezeeka nayo, hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini anayeoa si mimi, ni mtoto. Wakimkataa kwa ajili ya bibi yangu, nitamtazamaje?"

Kisha akaniuliza, "Wewe watakufukuza shule?"

Neno "ndiyo" lilinifika kwenye ulimi. Nilijua ana huruma, na huenda lingetosha kumgeuza. "Sijui, bibi," nikasema, maana kweli sikujua.

Nikamwambia nitayaondoa. Aliomba aisikie sauti yake kabla sijaifuta. Nikamwekea. Alicheka alipojisikia akikohoa, halafu akainamisha kichwa. Ilipofika pale bibi yake anapouliza kwao ni upande gani na hakuna anayemjibu, aliinua mkono.

"Zima hapo."

Nikafuta mbele yake, na niliporudi kwa mama nikafuta nakala zote nilizokuwa nazo. Jioni ile niliiondoa sura nzima. Kazi iliyobaki ilionekana kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele.

Tathmini ilifanyika kwa njia ya mtandao, nami nilikuwa kwenye meza ya mama. Nilisoma slaidi zangu haraka mno, mpaka mmoja wa walimu akaniomba nipumue. Kisha mwenyekiti akauliza nililokuwa nikiliogopa.

"Katika muhtasari uliotutumia kulikuwa na sura ya tatu. Iko wapi?"

"Msimulizi wangu ameiondoa," nilisema. "Sababu siwezi kuitaja bila kumfichua."

Nyuso zao kwenye skrini hazikusogea. Nilidhani mtandao umekatika.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia," akajibu. "Sasa bila sura hiyo, hoja yako inasimama juu ya nini?"

Nilijibu vibaya. Nilitaja vituo vingine ambavyo sijafika, nikajikanyaga, nikarudia sentensi moja mara mbili. Nilimwona mwalimu mmoja akivua miwani na kufikicha macho.

Waliniambia nitoke mtandaoni, wakajadiliana. Waliponiita tena, uamuzi ulikuwa hivi: sijashindwa wala sijapita. Nipewe miezi sita nitafute ushahidi mwingine, kisha nirudi mbele yao. Msimamizi wangu alinipigia baadaye. "Hukujibu vizuri," alisema, "lakini ulichofanya Tura ni sahihi."

Miezi hiyo niliimaliza kwa taabu, nikarudi, nikapita. Sura mpya ipo, imetokana na watu wa kijiji kingine waliokubali na hawakugeuka. Ni nyembamba. Waliosoma kazi yangu hawajawahi kuuliza kwa nini, nami kila ninapoisoma namkosa mwanamke mmoja ambaye siruhusiwi kumtaja.