Kuku wa Misa ya Mavuno

Mama mdogo alikimbia vita vya Oicha na vitenge viwili na sufuria moja. Kule alikuwa na shamba la kakao, na kila Misa ya mavuno alipeleka beseni la maharagwe na jogoo juu yake. Tangu afike kwetu Mususa, hapa Butembo, kazi yake ilikuwa kupokea tu: unga wa watu, nguo za watu, huruma za watu. Huruma nayo inachosha, alikuwa akisema.

Kwa hiyo nilipomwona anafuga kuku nyuma ya jiko letu, nilielewa. Alimpata akiwa kifaranga, malipo ya kumpalilia jirani maharagwe. Hata siku wageni walipotujia, na sisi hatuna mboga, hakukubali aguswe.

"Hii iko ya Mungu," alisema, mambo yakaishia hapo.

Siku ya Misa alimbeba mwenyewe, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba, akaenda akicheza polepole kwenye maandamano ya matoleo. Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Sijawahi kumwona ameunyoosha mgongo vile. Padri alikuwa amehubiri kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, nasi sote tuliitikia kwa vichwa.

Baada ya Misa tukatoka kwenda uwanjani kwenye mnada. Ndiyo desturi yetu: wenye uwezo hununua matoleo, bei inapandishwa kwa vicheko, kinachopatikana kinakuwa mabati ya kanisa. Katekista anayenadi ana mdomo, na alitaka kuku apande bei.

"Hii kuku imetoka kwa mama mukimbizi wa Oicha! Yeye hana kitu, lakini ametoa! Na nyinyi?"

Mheshimiwa mmoja, mbunge aliyekuja kutoka Beni na vijana wake wa kupiga picha, akainua mkono. Akataja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuipita. Kisha, badala ya kumpa dereva wake yule kuku, akamwendea mama mdogo, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe, akamnyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Mama, hii iko yako. Rudia nayo nyumbani. Weye ndiye unastahili kusaidiwa."

Vigelegele! Simu zote juu. Yule bwana alikuwa na machozi, machozi ya kweli, naapa. Na bado uso wake aliugeuza kidogo upande wa simu. Yote mawili niliyaona, na hadi leo sijui niamini lipi.

Mama mdogo alificha mikono ndani ya kitenge.

"Honorable, haiko yangu tena. Nilisha kuitoa."

Nyuma yangu mtu akasema shukrani ya punda ni mateke. Kiongozi wa shirika letu, lile kundi la wakristo wa mtaani, akamsogelea mama mdogo haraka.

"Mama, pokea na unyenyekevu. Banatuangalia."

Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani. Aliyepiga magoti? Lakini amepiga magoti! Mama mdogo, kwa ukaidi wake? Kukataa ni kiburi, sawa, na kuinama mbele ya simu ni nini? Nilitamani padri aseme neno. Padri alikuwa anapiga makofi.

Mwishowe mama mdogo akampokea kuku. "Wasingya," alishukuru kwa Kinande, bila kuinua macho, na vigelegele vikaanza upya.

Nyumbani alimfungua miguu, kuku akaenda zake kuchakura. Jioni picha ilikuwa imefika kila mahali, watu wanaandika Amina, Amina. Ndugu zetu wa Beu, kule Beni, walipiga simu kumpongeza. Aliwaitikia vizuri, kisha akaja kuketi karibu nami, nikichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Weye ndiye unafundishaka batoto katekisimu," alisema. "Niambie. Mungu aliipokea ile kuku yangu, au alinirudishia?"

Nilimjibu kile ninachowajibu watoto, kwamba Mungu anaangalia moyo.

"Moyo yangu najua," alisema. "Ninauliza kuku."