Alama Tano za Kushuka Jukwaani

Waliponifuata niwe jaji wa mashindano ya kuchana, nilidhani wamekosea nyumba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nafundisha kwaya ya parokia yetu hapa Mpanda. Rap naisikia kwa majirani tu, tena kwa kulazimishwa. Vijana wawili wa kamati walisimama mlangoni kwangu Kawajense, kofia mkononi, na mmoja akasema, "Madam, sisi tunataka mtu asiyependelea. Wewe kwenye kwaya ulimtoa hata mdogo wako." Ni kweli nilimtoa. Alikuwa anachelewa mazoezi. Sifa hiyo ilinipanda kichwani, nikakubali.

Hawakuwa na karatasi ya alama, basi nikachukua ile ya mashindano ya kwaya nikaifanyia ukarabati. Sauti, matamshi, mpangilio, mavazi. Palipoandikwa "kufaa kwa ibada" nilifuta nikaandika "kumjibu mpinzani", na nikajiona mtu wa kisasa kabisa. Kipengele cha nidhamu ya jukwaa nilikiacha kama kilivyo: anayetoka kwenye nafasi yake kabla ya kumaliza anakatwa alama tano.

Mchujo ulibakiza wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Majengo anayeuza makava ya simu, mtoto wa mjini, mdomo mwepesi, viatu vyeupe hata uwanjani kwenye vumbi. Wa pili alitoka Kasokola, kwenye familia ya Wasukuma wafugaji, na alichana polepole kwa sauti nzito, huku amekumbatia fimbo yake ya kuchungia. Siku mbili kabla ya fainali alikuja kwangu kuuliza taratibu. Akaamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, na nilipomaliza kumweleza hakuondoka.

"Mwalimu, baba amesema nikishinda nitabaki kwa shangazi hapa mjini, nijaribu huu muziki mwaka mmoja. Nisiposhinda, Jumatatu naondoka na ng'ombe."

"Mnahamia wapi?"

"Lindi."

"Na utarudi lini?"

Akacheka kidogo. "Ng'ombe hawana likizo, mwalimu."

Nilikasirika. Nilimwambia hakupaswa kunieleza mambo hayo, mimi ni jaji, na kama alikuja kutafuta huruma amepotea njia. Akaomba radhi, akaondoka. Leo nikikumbuka naona hakuwa ameomba kitu chochote. Alikuwa na hofu na alitaka kuisema mbele ya mtu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu yeyote wakati ule. Mimi ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku huku Katavi, wazazi wangu walilima mpunga, na mwaka mmoja nikiwa msichana ng'ombe waliingia shambani kwetu usiku mmoja tu wakamaliza kila kitu. Mama alilia akiwa amekaa kwenye tuta. Sikuwa na chuki na kijana wa watu, ambaye mwaka huo hata hakuwa amezaliwa. Lakini nilipoiona ile fimbo, moyo wangu ulijikunja, na ningekuwa mwongo nikisema haukujikunja.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri, uwanja wa mpira. Jukwaa lilikuwa trela la trekta, na majaji tulikuwa watatu: mtangazaji wa redio, afisa vijana, na mimi katikati na miwani yangu. Wa Majengo alianza. Alichana kwa kasi ambayo ningependa waimbaji wangu wa sauti ya tatu waipate, na kila neno lilisikika.

"Umekuja mjini na fimbo, umepotelewa na ndama?
Huku tunachunga mistari, rudi zako kwa mama."

Watu walipiga kelele, filimbi zikalia, mama yake mwenyewe akarusha kitenge juu. Nilimpa alama nzuri, na alizistahili.

Kisha yule wa Kasokola akapanda. Alisubiri. Dijei aliweka biti mara mbili na mara zote mbili akamwashiria aizime. Nikaandika pembeni: anapoteza muda. Halafu akaanza bila ala yoyote, na taratibu vile vile.

"Viatu vyake vyeupe, msimkanyage jamani,
kaazima kwa kaka yake, jioni virudi nyumbani."

Uwanja ulicheka mpaka na mwenye viatu akacheka. Wa Kasokola mwenyewe hakucheka. Akaendelea:

"Unacheka fimbo yangu, nimeishika toka mtoto,
chai yako ina maziwa, yametoka kwenye huu msoto."

Hapo akaweka maiki chini, akashuka kwenye trela. Alikuwa na kiitikio kifupi cha maneno manne, akakirudia akitembea, akigonga fimbo ardhini. Wanawake wa Kasokola wakaanza kumwitikia, kisha wa Majengo, kisha watoto, kisha kila mtu. Alivuka uwanja mzima kuelekea goli la upande wa pili na watu wakaenda naye. Aliimba beti tatu kule bila kipaza sauti, nami nilisikia kila neno. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu. Alipomaliza nilijikuta nimesimama kwenye mstari wa goli, miwani mkononi, kiti changu kikiwa tupu kule mbali.

Nilirudi haraka nikaketi, nikitumaini hakuna aliyeniona.

Mtangazaji alimpa ushindi yule wa Kasokola. Afisa vijana alimpa yule wa Majengo. Ikabaki karatasi yangu. Nilijumlisha, na wa Kasokola alikuwa mbele kwa alama tatu. Kisha nikafika kwenye nidhamu ya jukwaa. Nilikumbuka alivyokaa kwenye kiti changu akinieleza habari za Lindi, nikajiambia: usimhurumie, fuata karatasi. Nikakata tano. Nilijisikia mtu mwadilifu sana. Wa Majengo akatangazwa mshindi kwa alama mbili.

Makofi yalikuwa machache. Watu wengi walikuwa bado golini na walidhani tunatania.

Kikombe kilipokuwa kinapigwa picha, mzee mmoja mrefu alikuja mezani, amejifunga shuka, na yule kijana akiwa nyuma yake. Alinisalimu kwa heshima zote.

"Mwalimu, mimi ndiye baba yake. Naomba unieleweshe. Kwetu wacheza ngoma wawili wakishindana, wanacheza wakati mmoja, huyu huku, yule kule. Hatuandiki. Tunaangalia watu wamekwenda kwa nani. Huyo ndiye kashinda."

"Mzee, sisi huku tuna utaratibu."

"Nimeelewa. Kikombe achukue mwenzie, hatugombani. Ila mimi nilimwambia akishinda atabaki, na kwa macho yangu nimeona kashinda. Nimemwambia abaki. Hataki. Anasema baba, wewe hujui mambo haya, mwalimu ndiye anajua." Akamvuta kijana mbele kwa mkono. "Basi mwambie wewe. Mwambie tu ameshinda."

Kijana alinitazama. Hajawahi mwanafunzi kunitazama hivyo, na nimefundisha miaka mingi. Kule nyuma mama wa mshindi alikuwa anapiga vigelegele, afisa vijana alikuwa ananisikiliza, mtangazaji alikuwa ananisikiliza. Niliona nikisema neno lolote, watasema madam kayumba, madam hajui kazi.

"Mzee," nikasema, "matokeo yameshatangazwa."

"Sawa, mwalimu," kijana akajibu, kabla baba yake hajasema kitu. Akanipa mkono, wa kushoto ukishika kiwiko cha wa kulia, akanishukuru kwa kumsikiliza.

Waliondoka Jumatatu, kama alivyosema. Shangazi yake, ambaye ananiuzia maziwa, hunipa habari zake nikimuuliza. Huko Lindi yuko salama, ng'ombe wanaongezeka, amepata mke. Kuimba je? Aliacha. Shangazi anasema aliwaambia wenzake kwamba alijaribu mjini, mwalimu mmoja anayejua muziki akamsikiliza vizuri, akaona hana kipaji.

Sikuwahi kusema hivyo. Lakini alisimama mbele yangu na baba yake akisubiri nimwambie kama anaweza, nami nilikuwa nimemfuata mpaka golini kwa miguu yangu mwenyewe, na sikumwambia.