Jumapili Tuliyomtafuta Bibi

Baba yangu alikuwa na vivutio vitatu vya kuwaonyesha wageni, na hakubadili mpangilio, mgeni awe mkwe, katekista au ndugu wa mbali asiyejulikana vizuri alikuwa ndugu kwa upande gani. Cha kwanza kilikuwa stesheni ya Mpanda. Mgeni alikuwa ameshuka hapohapo jana yake, vumbi bado liko puani, lakini baba alimrudisha kwa miguu mpaka kwenye vizuizi vya mwisho kabisa na kumwambia, "Hapa ndipo reli inapoishia. Mbele hakuna." Cha pili kilikuwa mgodi wa zamani wa madini ya risasi, ambako kulikuwa na lundo la mchanga wa kijivu na vyuma vilivyoshika kutu. Cha tatu kilikuwa viboko wa Sitalike.

Tangu wakati huo nimesoma chuo kikuu, nimeandika insha kadhaa kuhusu kumbukumbu, na moja ilisomwa hata na watu ambao si jamaa zangu. Katika hizo zote sikuwahi kutaja mahali pa nne, ambapo baba alimpeleka mgeni mmoja tu, mara moja tu, na kwa kulazimishwa.

Mgeni huyo alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Morogoro. Alikuja kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya sabini, pamoja na binti yake aliyekuwa na miaka kumi kama mimi, ila yeye alikuwa na viatu vyenye kisigino. Shangazi hakuwa amefika kwetu tangu bibi, mama yao, afariki. Telegramu ya msiba ilimkuta wodini amejifungua, na alipopata nguvu za kusafiri bibi alikuwa ameshazikwa muda. Baadaye na sisi tukahamishwa. Lori lilikuja, likatupeleka kijiji kipya, na mji wetu wa zamani ukabaki porini. Baba alipopata kazi ya udereva serikalini tukahamia Kawajense, hapo Mpanda mjini.

Siku moja kabla ya treni kufika, mama alifanya usafi ambao sikuuelewa. Alichukua gunia, akalifunika jiwe la kusagia lililokuwa kwenye kona ya jiko, kisha akaweka ndoo juu yake.

"Mbona unalifunika?" nikauliza.

"Vumbi," akasema.

Jiwe halikuwahi kufunikwa kwa ajili ya vumbi. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyeagizwa kufagia uwanja haendelezi mjadala.

Asubuhi ya Jumamosi shangazi alionja uji, akaweka kikombe chini, akamtazama mama.

"Wifi, tangu lini nyie mnakunywa uji wa unga wa mashine? Umeshakuwa mtu wa mjini?"

"Mikono imechoka, wifi. Kwani wewe huko Morogoro unasaga?"

"Mimi nina ruhusa ya kuchoka. Nimekaa kwenye behewa mpaka makalio yamesahau kazi yake."

Walicheka wote wawili. Mama aliacha kucheka mapema zaidi. Kisha shangazi akafungua pindo la khanga yake na kumwonyesha baba ulezi aliokuwa ameufunga humo, viganja viwili hivi.

"Huu ni wa mama," akasema. "Nataka niuweke juu ya jiwe lake kwa mkono wangu. Sikumzika, basi angalau nimsalimie. Utanipeleka lini?"

"Twende kwanza stesheni," baba akajibu.

Jumamosi nzima ikaishia kwenye reli na kwenye mchanga wa mgodi. Binamu yangu alisimama mbele ya vizuizi vya mwisho vya reli, akaangalia nyasi zilizokuwa mbele yake, akasema, "Kwetu reli inaendelea." Baba akajifanya hakusikia.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tukapanda Land Rover ya idara, ambayo baba aliichukua kwa maelezo niliyofundishwa nisiyarudie mbele za watu. Siku zile Jumapili ilipofika saa nane mchana magari yalitakiwa yawe yameondoka barabarani, mafuta yalikuwa shida. Nadhani baba aliitegemea sana hiyo saa nane. Alikwenda moja kwa moja hadi Sitalike na kutusimamisha ukingoni mwa mto. Kiangazi maji yalikuwa yamebaki madimbwi, na viboko walikuwa wamejazana kwenye tope, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake.

"Mbona wamelala tu?" binamu akauliza.

"Leo Jumapili," baba akasema.

Akaanza kutueleza meno yao, uzito wao, hasira zao. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu lingine. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wanyama nimewaona. Wamenona, Mungu awabariki. Sasa nipeleke kwa mama."

Mji wetu wa zamani ulikuwa upande wa kurudi Mpanda, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Mama alisema miguu inamuuma, akabaki kwenye gari. Sisi wanne tukaingia porini. Moto ulikuwa umepita, majani yameungua, na chini yake yameanza kuchipua mapya. Baba alitembea mbele kwa hatua za mtu anayejua njia. Nyumba zilikuwa zimekwisha kabisa. Niliyokuwa nikiikumbuka kama nyumba kubwa ilikuwa sasa tuta la udongo mwekundu ambalo mbuzi angeliruka.

Kwetu, mwanamke akizikwa, jiwe lake la kusagia hulazwa kichwani pa kaburi, uso chini. Halisagiwi tena. Msalaba wa mti utaliwa na mchwa, tuta litakwenda na mvua, lakini jiwe litabaki kusema ni nani yuko hapo. Kwa hiyo shangazi hakuwa na wasiwasi.

"Wewe tafuta nyumba," alimwambia baba, "mimi nitatafuta jiwe. Nimelisagia tangu nikiwa kama hawa watoto. Lina pengo upande wa kulia, linaingia kidole gumba. Mimi ndiye niliyeliangusha. Mama alinichapa siku ile mpaka jirani akaja kuamua."

Nikasimama. Nililijua pengo lile. Kila nilipotumwa kusaga karanga, kidole gumba changu kilikaa humo. Lilikuwa nyumbani, chini ya gunia, chini ya ndoo.

Nikamtazama baba, na baba alikuwa ameshanitazama. Hakunikonyeza, hakukunja uso. Alinitazama tu, kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu, na mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Sikuwa nimevaa kiatu.

Tulizunguka muda mrefu. Shangazi aligeuza kila jiwe alilolikuta, hata yasiyozidi ngumi, akilipapasa upande wa kulia na kulirudisha chini taratibu. Magoti yake yakawa meusi kwa masizi. Alikuwa akiita, si kwa sauti kubwa: "Mama. Mama, ni mimi." Binamu alivua viatu vyake na kunishika mkono. Kilichonitisha zaidi, na mpaka leo kinanitisha, ni kugundua kwamba baba naye alikuwa anatafuta kweli. Bila jiwe, hata yeye hakujua tena alimzika wapi mama yake.

Akaangalia jua. Akaangalia saa. Kisha akanyoosha mkono kwenye mwinuko mdogo karibu na kichuguu.

"Ni hapa, dada."

"Na jiwe?"

"Watu wamelichukua."

"Watu gani wanachukua jiwe la marehemu?"

"Watu wa siku hizi."

Shangazi akapiga magoti mahali pale. Alimwaga nusu ya ulezi juu ya udongo, na nusu akaufunga tena kwenye pindo. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza kitu dukani, "Aliyelichukua asage. Ale. Asishibe."

Baba akasema, "Saa saba, dada. Tutachelewa."

Tulifika Kawajense kabla ya saa nane, sheria haikuvunjwa.

Jumatatu shangazi akaondoka na treni. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu, akamwambia, "Wifi, usijichoshe." Tuliporudi nyumbani mama aliondoa ndoo, akaondoa gunia. Juu ya jiwe ulikuwepo ulezi, ile nusu iliyobaki, umekusanywa vizuri katikati kama wa mtu anayejiandaa kusaga.

Mama akakaa chini palepale jikoni. Ndipo aliponieleza. Siku ya kuhama, jiwe lake mwenyewe lilianguka kutoka kwenye lori likapasuka vipande viwili. Dereva wa lori anapiga honi, watoto wanalia, na huko tuendako hakuna mashine. Baba akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jiwe jingine begani. Alikusudia kulirudisha mwezi uleule.

Sijui shangazi alilikuta lini. Kama ni Jumapili jioni, baada ya porini, basi alimlaani mtu asiyemjua. Kama ni Jumamosi, alipoonja uji wetu wa mashine, basi alipiga magoti yale yote akijua, akimsubiri mdogo wake aseme. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nikamtembelea Morogoro mara kadhaa, nikala kwake, na sikuwahi kumuuliza. Naye kila mara alinitazama nikila, akasema, "Ongeza, mwanangu."

Jumapili iliyofuata baba alilipakia jiwe kwenye Land Rover, akaenda peke yake. Akarudi nalo. Alilishusha nje ya mlango, uso chini, akasema hakuweza kuliweka mahali popote tu. Leo liko barazani kwangu, uso chini bado, na wageni hulisifia. Daktari anasema hamu yangu ya kula ni sukari, na amenipa karatasi ya vyakula. Nimeibandika kwenye friji.

Na ulezi? Hakuna aliyethubutu kuusaga wala kuutupa. Mama aliupeleka nje juu ya ungo, akauacha uani, na kuku wakaumaliza. Kuku wale tuliwala Krismasi. Nilipewa paja, nikalimaliza, nikaomba kuongezewa.